Je, babu aliuawa na manowari iliyokuwa ikimlinda?

Swali la leo limetoka kwa msomaji wa Kitui. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo Kapteni. Baba wa baba yangu alikuwa askari wa mizinga wa Keya. Alipanda meli Kilindini Februari 1944 na hakurudi. Tumekua tukiambiwa kwamba Mjapani aliizamisha meli yao. Mwezi uliopita, matangani, mzee mmoja akasema wengi hawakuuawa na Mjapani. Alisema walikuwa wanaogelea, na manowari ya Mwingereza iliyokuwa ikiwasindikiza ikapita katikati yao ikiangusha mabomu. Ni kweli? Na kama ni kweli, ni nahodha wa namna gani anayetoa amri ile, na mabaharia wa namna gani wanaoitii?"

Marahaba mwanangu. Sikufichi kitu: ndiyo, mabomu yaliangushwa, na yaliangushwa mahali penye watu waliokuwa hai majini. Mzee wako hakutunga. Lakini aliposema kwamba wengi walikufa kwa mabomu yale, hapo alikosea, na kosa hilo ni kubwa kwa familia inayotaka kujua mtu wao alikufaje. Nitakueleza yote mawili. Itabidi nikupitishe kwanza kwenye kazi yenyewe ya kuwinda nyambizi, kwa sababu bila kuijua kazi ile amri ya nahodha itabaki kuonekana kama wazimu.

Meli aliyopanda babu iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa Scotland mwaka 1922, ikafanya biashara ya Chile kwa jina jingine, kisha mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita vilipokuja ikageuzwa meli ya kubeba askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini kwenda Colombo pamoja na meli nyingine nne za abiria: City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996 pamoja na maafisa wao. (Keya, yaani King's African Rifles, hasa walikuwa askari wa miguu, lakini najua nyumbani kila aliyevaa kaki aliitwa Keya, na sioni sababu ya kumsahihisha bibi yako.) Walikuwamo pia wanamaji 271, wauguzi zaidi ya 50, na wasichana wa jeshi la majini.

Walikuwa wanakwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kuungana na wenzao wa Afrika Mashariki waliokuwa wakijiandaa kwa vita vya Burma. Mombasa wakati ule haikuwa pembeni mwa vita. Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege Aprili 1942, Waingereza waliihamishia Kilindini makao ya kikosi chao cha manowari cha mashariki, na wataalamu wao wa kuvunja maandishi ya siri ya Kijapani wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, pale pale inapotazama bahari. Mpaka Februari 1944 kikosi kilikuwa kimesharudi Ceylon, lakini njia ya Mombasa hadi Colombo iliendelea kupitisha askari, na nyambizi za Kijapani zilijua hivyo.

Msafara ulisindikizwa na manowari kubwa Hawkins, na njiani ukaungana na manowari mbili nyepesi za kuwinda nyambizi, Petard na Paladin. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari, jua kali. Tarehe 12 Februari, yapata saa 8 na nusu mchana, msafara ulikuwa kusini mwa Maldivi, karibu na Ikweta. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na tamasha dogo la muziki, watu wamekusanyika ukumbini baada ya chakula. Nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa imejificha chini ya maji upande mmoja wa msafara. Ikafyatua torpedo nne. Mbili ziliipata Khedive Ismail.

Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi.

Naomba usome tena sentensi hiyo, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Meli ya tani zaidi ya 7,000, yenye watu elfu moja na mia tano, dakika mbili. Mimi nimefanya mazoezi ya kuacha meli mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Meli ikiwa imesimama wima, taa zinawaka, kila mtu anajua ngazi yake, dakika mbili hazitoshi kuwatoa watu wa sitaha za chini. Pale meli ililala ubavu, maji yakaingia, ngazi zikawa kuta. Watu 1,297 walikufa siku ile. Waliookolewa ni 214 tu, na kati yao wanawake sita. Wanawake 77 walizama. Sehemu kubwa kabisa ya waliokufa hawakuwahi kufika kwenye maji ya wazi. Kama babu yako alikuwa chini, na wengi walikuwa chini, basi aliuawa na torpedo ya I-27 na dakika mbili zile.

Sasa tuje kwa wale waliofika juu.

Meli ilipozama, ilibaki bahari yenye mafuta, mbao, maboya, mashua chache, na watu mamia kadhaa wakiwa wameshika chochote kinachoelea. Meli nne zilizobaki zikatawanyika na kukimbia, kama amri ilivyotaka. Paladin ikasogea kuokoa, ikateremsha mashua zake. Petard ikaanza kuwinda. Nahodha wa Petard alikuwa Rupert Egan, cheo chake Luteni Kamanda. Vifaa vyake vikamwambia kwamba nyambizi haikukimbia. Ilikuwa pale pale, chini ya eneo walipoelea watu.

Hapa nataka uelewe nahodha huwa anajua nini wakati kama ule, na hajui nini.

Chini ya maji hakuna macho. Kuna masikio. Waingereza walikuwa na kifaa walichokiita asdiki, ambacho leo tunakiita sona. Kinatoa mlio mfupi kutoka chini ya meli, unasafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, ukigonga kitu kigumu unarudi kama mwangwi. Mwangwi ukichukua sekunde mbili kwenda na kurudi, kitu kiko mita 1,500. Ukichukua sekunde moja, kiko mita 750. Mtu wa asdiki anakaa na vipokea sauti masikioni, anageuza mlio nyuzi chache kushoto, nyuzi chache kulia, anatafuta kingo za mwangwi. Sauti ikirudi nyembamba zaidi kuliko ilivyokwenda, kitu kinakuja. Ikirudi nzito zaidi, kinakimbia. Nilifundishwa kazi hiyo nikiwa kijana, na nakuambia kwamba zamu ya saa nne masikioni inamwacha mtu akiisikia miangwi hiyo hata usingizini. Na hayo yalikuwa mazoezi tu, hakuna aliyekuwa anakufa.

Lakini sauti hudanganya. Maji ya Ikweta yana joto juu na baridi chini, na mpaka wa joto na baridi huupinda mlio kama vile maji yanavyoupinda upondo wa mvuvi. Meli iliyotoka kuzama huacha mapovu na vyuma vinavyoendelea kushuka na kupasuka, na vyote hivyo vina mwangwi wake. Kisha kuna kasoro ya kifaa chenyewe, na hii ndiyo naomba uishike: mlio wa asdiki ulikwenda mbele, haukwenda moja kwa moja chini. Ulikuwa kama mwanga wa tochi iliyofungwa kwenye omo, mbele ya chombo. Manowari ikimkaribia adui kiasi cha mita 180 hivi, adui anakuwa chini ya mwanga huo, na mwangwi unapotea. Yaani ile sehemu ya mwisho kabisa, ambayo ndiyo unayohitaji kuona kuliko zote, unaipita ukiwa kipofu.

Bomu lililotumika halirushwi mbele. Ni pipa la chuma lenye kilo 130 hivi za baruti, linasukumwa kutoka tezini, yaani nyuma ya meli, au kurushwa ubavuni, na linashuka kwa uzito wake, kiasi cha mita tatu kwa sekunde. Kabla ya kuliangusha, mabaharia hugeuza kitufe kinachosema lilipuke kwenye kina gani. Shinikizo la maji likifika hapo, linalipuka. Kina cha mita 30, ambacho nahodha wa jahazi angekiita pima 16 na ushei, linakifikia kwa sekunde 10. Piga hesabu: manowari inapita ile sehemu ya upofu kwa sekunde 20 au zaidi, bomu linashuka sekunde 10 nyingine. Nusu dakika nzima nahodha wa nyambizi, ambaye anazisikia rafadha za manowari juu ya kichwa chake, ana nafasi ya kugeuka. Na bomu lenyewe lilihitaji kulipuka mita chache tu kutoka kwenye chuma cha nyambizi, sita hadi kumi hivi, ili kuipasua. Ndiyo maana hayakuangushwa moja moja. Yaliangushwa kwa mafungu, yamepangwa kushika eneo. Nahodha haangushi bomu juu ya nyambizi; anaangusha mabomu juu ya mahali ambapo nyambizi huenda ikawa baada ya nusu dakika.

Na kama mahali hapo pana watu?

Sitakulainishia hili. Hewa hubonyea, maji hayabonyei. Mlipuko wa hewani hufifia haraka, wa majini husafiri mbali ukiwa na nguvu. Mtu anayeelea wima, kifua na tumbo vikiwa ndani ya maji, wimbi lile humwingia na kutafuta sehemu zenye hewa: mapafu na utumbo. Kwa nje anaweza asiwe hata na mkwaruzo. Ndani amepasuka. Mabaharia wa vita ile walifundishwa kwamba mabomu yakianza kulipuka na wewe uko majini, lala chali, uinue tumbo na kifua juu ya maji kadiri unavyoweza. Egan alijua yote hayo, na waliosukuma mabomu tezini nao walijua.

Kwa nini basi hakungoja? Wazo la kwanza la kila mtu mwema ni hilo: okoa kwanza, winda baadaye. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limekwisha kulilipia wazo hilo. Tarehe 22 Septemba 1914, nje ya pwani ya Uholanzi, nyambizi moja ya Kijerumani, U-9, iliipiga manowari Aboukir. Manowari Hogue ikasimama kuokoa watu, ikapigwa. Cressy nayo ikasimama, ikapigwa. Muda usiofika saa mbili, manowari tatu na watu 1,459. Tangu siku ile kila afisa kijana alifundishwa kwamba meli iliyosimama juu ya nyambizi iliyo hai inaongeza tu idadi ya watu watakaohitaji kuokolewa.

Tazama pia aliyekuwa chini. I-27 ilikuwa nyambizi kubwa, urefu wake zaidi ya mita 100, na nyambizi za aina yake zilibeba torpedo 17. Nahodha wake, Fukumura Toshiaki, hakuwa mgeni. Bahari hii yetu ilikuwa shamba lake. Juni 1943 aliipiga meli Dah Pu ikiwa ndani ya bandari ya Muscat. Nyambizi yake ilijulikana pia kwa kuwapiga risasi watu waliokuwa kwenye mashua za kujiokolea baada ya meli yao kuzama. Mbele yake, upeoni, kulikuwa na meli nne zilizojaa watu, sasa zimetawanyika na hazina mlinzi wa karibu. Kama Petard ingezima mitambo na kushusha kamba, I-27 ingeweza kuipiga Petard, kisha kuipiga Paladin iliyokuwa tayari inaokota watu, kisha ikapanda juu usiku na kuwafuata wengine. Watu waliokuwa majini nao wangebaki bila meli ya kuwachukua. Uokoaji wote wa siku ile ulitegemea I-27 isiwepo.

Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa kichwani mwa Egan, na hakuwa na saa nzima ya kuifanya. Alikuwa na dakika. Akatoa amri.

Swali lako la pili ni la mabaharia. Unauliza watu wa namna gani wanaotii. Nimelifikiria sana swali hilo, kwa sababu wenzetu wengi huuliza habari za nahodha na kuwasahau wao.

Kwenye manowari ya kuwinda nyambizi, kila mtu anashika kipande kidogo cha kazi. Mtu wa asdiki anasema mwelekeo na umbali, basi. Wa ramani anachora. Wa usukani anashika nyuzi aliyoambiwa na mbele haoni. Waliopo chini kwenye mitambo wanasikia kengele ya kasi, na baadaye mlipuko unaogonga chuma cha meli kama nyundo. Hawajui kilicho juu. Nahodha peke yake darajani ndiye anayeunganisha vipande vyote. Ila kuna kundi moja linaloona. Ni wale wa tezini. Wao wanasimama na mabomu yao nyuma kabisa ya meli, karibu na maji kuliko mtu yeyote, na meli inapopita wao ndio wanaotazamana na walioachwa nyuma. Petard ilipoingia katikati ya wale walioelea, watu wa tezini waliziona nyuso. Na aliyeko majini akiona manowari ya kwao inakuja, anadhani inakuja kumchukua.

Hawakuwa watu wasio na moyo. Mwaka mmoja na miezi mitatu hivi kabla, tarehe 30 Oktoba 1942, Petard ikiwa chini ya nahodha mwingine, Mark Thornton, ilishiriki kuiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 kaskazini mwa Misri kwa saa nyingi mpaka ikapanda juu usiku. Wajerumani wakaikimbia. Watatu wa Petard wakaingia ndani ya nyambizi iliyokuwa inazama: afisa Tony Fasson, baharia Colin Grazier, na kijana wa kantini Tommy Brown, mwenye umri wa miaka 16. Walitoa vitabu vya siri vilivyowasaidia wavunja siri wa Uingereza kuyasoma tena maandishi ya nyambizi za Kijerumani baada ya miezi mingi ya kiza. Brown alitoka. Fasson na Grazier walizama nayo. Desemba ile ile Petard ikaizamisha nyambizi ya Kitaliano Uarsciek, ikisaidiana na manowari ya Kigiriki. Na huo Uarsciek ni mji wa Warsheikh, pwani ya Banadiri, ambao Wataliano waliuandika kwa tahajia yao. Watu wa meli hii walikuwa wameshakufa wakichukua vitabu ndani ya chuma cha adui. Sidhani kuna anayeweza kuwaita makatili.

Walitii kwa sababu ile kazi haifanyiki kwa kutoa maoni. Wa tezini akikataa kusukuma pipa lake, fungu linakuwa na tundu, na nyambizi inapita kwenye tundu lile, na mabomu yale mengine yatakuwa yamewaumiza watu bure. Ukishaanza shambulio kama lile, njia ya kuwadhuru kidogo zaidi walioelea ni kulifanya sawasawa ili lisirudiwe. Nalijua jambo hili ni gumu kumeza. Mimi mwenyewe, nilipolisoma mara ya kwanza, niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Lilirudiwa. Mara tatu Petard ilipita. Mara ya tatu, I-27 ikaibuka, imejeruhiwa.

Yaliyofuata ni mapambano ya juu ya maji, na nitayapitisha haraka. Wajapani walijaribu kuufikia mzinga wao, risasi za manowari zikawazuia. Mizinga ya Petard na Paladin ilikuwa midogo mno kuupasua mwili mnene wa nyambizi ile. Paladin ikaja kwa kasi kuigonga. Petard ikaiashiria iache, kwa kuhofia kwamba itajivunja yenyewe, nayo ikageuka kwa kuchelewa, na bawa la chuma la nyambizi likauchana ubavu wake mpasuko mrefu. Ikabaki imejaa maji, haiwezi tena kupigana. Mwishowe Petard ikaanza kufyatua torpedo, moja baada ya nyingine, kwa adui anayezunguka polepole kama samaki aliyechomwa chusa. Ya saba ikapata. I-27 ikapasuka, ikazama karibu saa 11 jioni. Alisalimika mtu mmoja tu kati ya wote waliokuwamo.

Kisha Petard ikarudi kwa watu. Waliokuwa kwenye mashua za Paladin, walioshika mbao, wote waliokuwa bado hai, wakapandishwa na kupelekwa visiwa vya Addu, huko Maldivi, ambako Waingereza walikuwa na kituo. Paladin ikavutwa kwenda huko huko. Petard ikawa imezamisha nyambizi za Mjerumani, Mtaliano na Mjapani, na habari hiyo ndiyo inayosimuliwa kila inapotajwa. Hawa 214 huja mwisho wa sentensi, kama wanatajwa hata kidogo.

Umeniuliza ni nahodha wa namna gani. Maoni yangu ni kwamba Egan alitoa amri iliyokuwa sahihi, na ningeliogopa taifa lenye nahodha anayeweza kutoa amri ile bila kuumia. Sijapata kusoma hoja iliyoniridhisha kwamba alikuwa na njia nyingine yenye vifo vichache zaidi. Nimejaribu kuitafuta, kwa sababu waliokuwa majini walikuwa watu wangu. Mita 180 za upofu na meli nne upeoni zinanirudisha pale pale kila nikijaribu.

Na Fukumura, kwa haki, siku ile aliipiga meli ya askari iliyokuwa chini ya ulinzi wa manowari. Hiyo ilikuwa shabaha halali ya vita. Mambo mengine yaliyofanywa na nyambizi yake siyo halali, lakini hilo la tarehe 12 lilikuwa vita.

Ninaloshindwa kulisamehe ni kimya. Wakati wa vita habari za meli za askari zilizozama zilibanwa, na hilo lina sababu. Vita vilipokwisha sababu ikaisha. Mama wa Kitui, wa Tabora, wa Kitgum, aliyemtoa mwanawe akapigane katika vita ambavyo hakuvianzisha, alistahili mtu aje akae naye aseme: meli ilikuwa hii, siku ilikuwa hii, ilichukua dakika mbili, na baada yake kulitokea jambo hili zito, na sababu yake ni hii. Hakuja mtu. Ndiyo maana miaka 80 baadaye habari inafika kwenye matanga ikiwa nusu, na inawakata watu upya. Mzee aliyewaambia msimlaumu. Alibeba alichopewa.

Sasa la kufanya. Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, kuna mnara wa kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana. Askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wameandikwa pale. Nenda na baba yako kama bado anaweza kutembea. Kabla ya kwenda, tafuta kwenye daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, liko wazi mtandaoni na ni bure. Usianze na jina. Makarani wa jeshi waliandika majina yetu walivyoyasikia: Mutua anaweza kuwa Mtuwa, Kyalo anaweza kuwa Chalo, na jina la baba mara nyingi limewekwa mahali pa ukoo. Anza na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha chagua kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, halafu soma orodha yote kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani anayeijua Kikamba cha zamani. Sikio lake litalitambua jina ambalo jicho lako litalipita. Kama nyumbani kuna karatasi yoyote ya jeshi, hata kipande, tafuta namba ya askari. Namba haikosewi kama jina. Ukiipata niandikie, nami nitakusaidia kuisoma.